Bondingi ya meno ya mbele yenye madoa ya floraidi: uzoefu wangu

Naandika kwa ajili ya wenzangu tuliokulia kwenye maji yenye floraidi nyingi: Arusha, Meru, Hai, na ng'ambo ya mpaka, Nakuru na Naivasha. Kazi ninayoitolea maoni ni bondingi ya kompositi kwenye meno sita ya mbele ya juu, chonge hadi chonge, yenye madoa ya kahawia ya wastani, kona moja iliyokatika na mwanya mdogo. Naipa nyota nne kati ya tano. Nyota moja nimeinyima kwa sababu ya matunzo, jambo ambalo matangazo ya kliniki huliruka kabisa.

Kompositi ni rezini, aina ya plastiki inayogandishwa kwa taa, iliyochanganywa na chembe ndogo sana za kioo au silika, ileile ya kuziba meno yaliyotoboka. Hapa haizibi tundu. Inatandazwa juu ya uso wa jino na kuchongwa mpaka jino lipate sura mpya. Inachoshikilia ni vitundu visivyoonekana kwa macho: asidi ya fosforiki ya asilimia 37 au karibu na hapo inakwangua enameli, gamba gumu la nje la jino, rezini nyepesi inazama kwenye vitundu hivyo, taa ya bluu inaigandisha, kisha kompositi inaungana na rezini hiyo. Mbinu hii ya asidi Michael Buonocore aliichapisha mwaka 1955 na msingi wake haujabadilika. Ukiuelewa msingi huo, utaelewa kwa nini kazi ya mtu mmoja inakaa miaka saba na ya mwenzake inabanduka kabla mwezi haujaisha. Jina la kompositi lina mchango mdogo. Filtek, Tetric, Estelite, zote ni nzuri. Unacholipia ni muda na mikono ya daktari, na sehemu kubwa ya hayo unaweza kuikagua mwenyewe ukiwa kitini, ukiwa na kioo cha mkononi.

Sasa tatizo letu sisi wa floraidi. Madini hayo yakizidi kwenye maji utotoni, wakati meno ya ukubwani bado yanajengwa ndani ya taya, enameli inatoka na matundumatundu ndani huku ngozi yake ya juu ikiwa ngumu kuliko kawaida. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya bonde la ufa vinapita hapo mbali. (Kuchemsha hakusaidii, maji yanapungua, floraidi inabaki. Chujio la mifupa iliyochomwa, kama lile linalofanyiwa kazi Ngurdoto, ndilo linaloipunguza. Na magadi ya kulainishia makande yanaongeza mzigo. Wenye watoto wadogo walizingatie hilo kabla ya kufikiria bondingi.) Rangi ya kahawia yenyewe huingia baadaye, jino likishaota, kupitia matundu hayo.

Ile ngozi ngumu ya juu ndiyo inayoharibu bondingi za watu wa kwetu. Inakataa asidi. Kwenye enameli ya kawaida sekunde 15 hadi 30 zinatosha. Kwenye jino la floraidi muda huo unaacha sehemu kubwa haijaguswa, rezini inakaa juu juu, na miezi michache baadaye kipande kinatoka kizima, safi kama ukucha. Daktari anayejua kazi hufanya mambo mawili: anaparuza uso kidogo sana kwa almasi laini au kwa kupuliza unga wa oksidi ya alumini wa mikroni 50, halafu anaacha asidi ikae sekunde 60 au zaidi, wengine hufika 120 kwa meno yaliyoathirika sana. Hapa ndipo kioo chako kinapofanya kazi. Jeli ya asidi, ya bluu au kijani, ikishasuuzwa na jino kukaushwa, uso wote unatakiwa kuwa mweupe uliofifia, wa chaki. Sehemu yoyote inayong'aa bado haijaliwa na asidi. Mwambie, "Daktari, hapa bado panang'aa." Kauli hiyo haina aibu, na anayeichukia amejieleza.

Madoa ya juu juu yanaweza kupunguzwa bila kompositi kabisa. Kuna unga wa kusugulia wenye asidi ya haidrokloriki, kwa mfano Opalustre yenye asilimia 6.6, unaoondoa sehemu ndogo mno ya enameli pamoja na doa. Kuna pia kung'arisha nyumbani kwa trei na jeli ya peroksidi ya kabamaidi ya asilimia 10 au 16. Ningemshauri kila mwenye madoa ya kahawia aanze na mojawapo, au vyote viwili, kwa sababu kila doa linaloondoka kabla ni kompositi nyembamba zaidi baadaye. Tahadhari ni mbili. Siku za mwanzo za jeli madoa meupe huonekana meupe zaidi kuliko mwanzo; ukiendelea, sehemu nyingine za jino huyafikia. Na baada ya jeli kumalizika, subiri wiki mbili ndipo ufanye bondingi. Oksijeni iliyobaki ndani ya jino inazuia rezini isigande sawasawa, na rangi yenyewe inarudi nyuma kidogo kabla ya kutulia. Kliniki inayokung'arisha asubuhi na kukubandika kompositi mchana wa siku ileile, ikimbie. Kumbuka pia kwamba kompositi haing'arishwi na jeli. Rangi unayoichagua leo ndiyo utakayokaa nayo, kwa hiyo kung'arisha kunatangulia daima.

Jambo lingine la kabla ni fizi. Ukoga ukiwepo fizi zinatoka damu, na damu kwenye jino lililokwisha kupakwa asidi ni kazi bure. Safisha meno wiki mbili mapema ili fizi zipone. Jino lenye tundu lizibwe kwanza.

Rangi huchaguliwa kabla ya kitu chochote kingine, mdomo ukiwa na mate yake. Jino likikaa wazi dakika chache linakauka na kuwa jeupe kuliko hali yake, na rangi iliyochaguliwa wakati huo itaonekana tofauti siku ya pili. Kipimo cha kawaida ni VITA, A1 hadi D4, chenye rangi 16. Nyeupe za kisasa zaidi ziko nje ya kipimo hicho. Njia ninayoiamini kuliko vibao vya rangi ni hii: daktari anaweka punje ya kompositi juu ya jino ambalo halijapakwa asidi, anaigandisha kwa taa, mnaitazama dirishani kwa mwanga wa mchana, kisha anaibandua kwa ukucha wa chuma. Haichukui dakika mbili. Kuigandisha ni lazima, maana rangi hubadilika ikipigwa taa. Kuhusu weupe wenyewe, macho yangu yanapenda rangi moja chini ya ile mteja anayoitaka siku ya kwanza. Meno sita meupe pee juu ya meno ya chini ya kahawia yanafanya ya chini yaonekane mabaya zaidi.

Doa la kahawia lililobaki linahitaji kufichwa, na hapa wengi hukosea. Ukitandaza kompositi ya rangi moja inayopitisha mwanga juu ya kahawia, jino linatoka la kijivu, limekufa. Linatakiwa kwanza tabaka zito lisilopitisha mwanga, lile linaloitwa rangi ya dentini (sehemu ya jino iliyo chini ya enameli), au rezini maalumu ya kufunika. Juu yake tabaka jembamba la rangi ya enameli, nusu milimita au chini ya hapo, ili ncha ya jino ipitishe mwanga kidogo kama jino la asili. Kwa kompositi kama Filtek Z350 XT rangi hizi zinauzwa kwenye sindano tofauti. Kwa hiyo ukimuuliza daktari atatumia rangi ngapi kwenye jino moja na akasema moja, na wewe una madoa meusimeusi, muulize atayafichaje. Kwa kona iliyokatika au mwanya bila madoa, rangi moja inaweza kutosha vizuri kabisa.

Mwanya una hesabu yake. Jino la mbele la kati linapendeza upana wake ukiwa asilimia 75 hadi 80 ya urefu. Chukua jino lenye upana wa milimita 8.5 na urefu wa 10.5: tayari lipo asilimia 81. Mwanya wa milimita 2 ukizibwa na meno hayo mawili peke yake, kila moja linaongezeka milimita 1, linakuwa 9.5, yaani asilimia 90. Hapo unatoka na meno mawili ya mraba yanayotangulia kuingia chumbani kabla yako. Suluhisho ni kugawa nafasi kwenye meno manne, au kuongeza urefu kama meno ya chini yanaruhusu, au waya kwanza, bondingi baadaye. Mwanya mkubwa ni kazi ya waya. Na kusema kweli, kwa pwani na bara pia, mwanya ni urembo ambao watu wengine wanauombea. Mtu asikushawishi kuuziba kwa kuwa tu kompositi ipo mkononi. Tulichofanya kwenye kazi hii ni kuupunguza, hatukuufunga, na ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Kwa meno zaidi ya mawili, dai mfano wa nta kabla. Daktari anachukua nakala ya meno, fundi wa maabara anajenga sura mpya kwa nta juu ya plasta, kisha silikoni inabanwa kwa nyuma na kukatwa iwe ukuta mdogo. Siku ya kazi ukuta huo unashikiliwa nyuma ya meno na kompositi ya kwanza inalazwa juu yake, hivyo urefu na ncha zinatoka palepale zilipopangwa. Njia nyingine ni silikoni angavu yenye matundu, kompositi laini inasukumwa kwa sindano ndani yake na kupigwa taa kupitia silikoni. Hiyo ni ya haraka, na sura inatoka sawa na nta, ila rangi za tabaka tabaka zinakuwa ngumu kuzipata. Kwa madoa ya floraidi nachagua ukuta na mkono.

Siku yenyewe mara nyingi haihitaji ganzi, maana kazi inakaa kwenye enameli. Inahitaji ukavu. Mpira wa kutenga meno ndio bora. Pamba na bomba la kunyonya mate vinakubalika kwa meno ya juu kama msaidizi yuko macho muda wote. Kwa meno ya mbele ya chini, ambako ulimi na mate hukaa, bila mpira mimi nisingeketi. Uzi mwembamba husukumwa chini ya ukingo wa ufizi kuuzuia, na meno ya jirani hufungwa utepe mweupe wa mafundi bomba yasipate asidi. Ukiuona utepe huo usishtuke, ni dalili ya daktari makini.

Rezini ya kushikiza inasuguliwa kwa kijibrashi sekunde 20, inapulizwa hewa sekunde 5 hivi mpaka iache kutembea, inapigwa taa sekunde 10 hadi 20 kulingana na maelekezo ya mtengenezaji. Kupaka na kuacha bila kusugua ni kosa la kawaida. Hewa yenyewe iwe kavu: kompresa kuukuu hutema mafuta na maji, na daktari mzuri huipuliza kwanza juu ya kioo au karatasi aone kama kuna ukungu. Mate yakigusa jino baada ya asidi, kufuta kwa pamba hakutoshi. Linasuuzwa, linakaushwa na kupakwa asidi upya. Glavu zenye mafuta au vidole vilivyoshika dawa ya karafuu, ile ya kutuliza jino, pia vinaharibu, kwa sababu mafuta ya karafuu yanazuia rezini isigande.

Kompositi huwekwa kwa tabaka zisizozidi milimita 2, na rangi nzito milimita 1.5 au chini, kila moja ikipigwa taa sekunde 20 hivi, ncha ya taa ikiwa karibu kugusa. Hapa angalia ncha ya taa. Ikiwa imechubuka au ina kompositi kavu iliyoganda juu yake, mwanga unaofika ni nusunusu: juu panakuwa pagumu, ndani panabaki laini, na jino litabadilika rangi kuanzia ndani. Taa za chaji zina faida huku kwetu umeme unakokatika, mradi chaji haijaisha. Tabaka la mwisho hufunikwa kwa gliserini na kupigwa taa tena, kwa kuwa hewa inauacha uso unanata, na uso unaonata hunywa chai.

Kuchonga na kung'arisha kunatakiwa kuchukua muda mrefu kuliko kuweka. Diski za hatua nne, kutoka zenye kukwaruza hadi laini kabisa, kisha raba, kisha unga wa almasi kwa brashi. Hatua ikirukwa, mikwaruzo ya ile iliyotangulia inabaki na madoa yanaota humo. Mkono ukikandamiza, joto linaleta mstari mweupe pembeni ya kompositi. Halafu uzi wa meno unapitishwa kila pengo: uingie kwa mkwaruzo mdogo, utoke mzima. Uzi ukichanika, kuna ukingo uliozidi, na ufizi wa hapo utakuwa mwekundu na kutoka damu ndani ya wiki chache. Usikubali kuondoka kabla hajaushusha.

Kung'ata ni kipimo cha mwisho na mimi nakiona kikubwa kuliko rangi. Karatasi ya rangi inawekwa katikati ya meno; unafunga, kisha unasukuma taya ya chini mbele mpaka ncha zikutane, kisha kushoto na kulia. Wengi hupima kufunga tu. Meno ya mbele yanavunjika wakati wa kusukuma mbele, na alama ya karatasi inatakiwa isambae kwenye meno kadhaa, isikae kwenye ncha moja. Kama ulipigwa ganzi, hutahisi vizuri, kwa hiyo miadi ya pili ya wiki moja baadaye ni ya lazima. Miadi hiyo ndiyo pia ya kuona rangi halisi, meno yakiwa yameshanywa maji yake, na ya kung'arisha mara ya mwisho.

Kikitokea kitu, namna kilivyotokea inaeleza sababu. Kipande kikibanduka chote na kuacha jino safi, kosa ni asidi au unyevu. Kikivunjika na kuacha nusu, kosa ni kung'ata au kompositi nyembamba pale ncha. Vidoti vyeusi vilivyotawanyika ni mapovu ya hewa yaliyofungiwa ndani. Vinafunguliwa na kuzibwa. Mstari wa kahawia kandokando ni mwanya kati ya kompositi na jino. Uso mzima ukififia na kuwa wa njano, mara nyingi ni mng'aro umekwisha, hakuna haja ya kubomoa: diski na raba vinaurudisha. Ukali wa baridi kwa siku chache ni kawaida. Ukipita wiki mbili, rudi, pengine panagusa juu sana.

Sasa matunzo, nyota iliyokosekana. Kwa saa 48 za mwanzo kaa mbali na chai ya rangi, kahawa, mchuzi wa manjano. Baada ya hapo kula, lakini rangi hizo zitaingia polepole maisha yote ya kompositi, na tambuu, tumbaku na miraa zitaingia haraka. Dawa ya kusukutua yenye kloheksidini pia huacha kahawia. Dawa za meno za mkaa hukwaruza mng'aro. Tumia ya kawaida na brashi laini. Mswaki wa mti si tatizo ukilainishwa vizuri na kusuguliwa taratibu. Miwa, mahindi ya kuchoma kwenye gunzi, mifupa, kukata uzi na kufungua soda kwa meno: acha, au kata kwa kisu na utafune kwa magego. Anayesaga meno usiku asifanye bondingi bila kinga ya plastiki ya kulalia. Hesabu kung'arishwa kwa diski na raba kila baada ya miezi sita hadi mwaka, na marekebisho makubwa kati ya mwaka wa tano na wa nane. Gharama hiyo iingize kwenye bajeti tangu siku ya kwanza.

Vinia za kauri, yaani magamba membamba yanayobandikwa juu ya uso wa jino, hukaa muda mrefu zaidi na hazinywi rangi, ila jino linakatwa, kwa kawaida milimita 0.3 hadi 0.7, na halirudi. Kwa kijana ambaye fizi zake bado zinasogea, bondingi naiona bora. Kwa floraidi kali, enameli ikiwa na mashimo na kumegeka yenyewe, bondingi haina mahali pazuri pa kushika, na kauri ndiyo jibu la uaminifu.

Bei hutajwa kwa jino. Uliza kama ndani yake kuna mfano wa nta, miadi ya kung'arisha ya wiki moja baadaye, na marekebisho ya mwaka wa kwanza. Nafuu isiyo na hayo matatu hugeuka ghali. Bima nyingi hazilipii urembo, lakini kona iliyovunjika kwa ajali inaweza kuandikwa kama matibabu, kwa hiyo uliza kabla. Wanaobandika "vinia" saluni na hotelini wengi si madaktari wa meno: Kenya jina litafute kwenye orodha ya KMPDC, baraza la madaktari na madaktari wa meno, Tanzania Bara kwa Baraza la Madaktari Tanganyika. Na kabla hujatoka, omba uandikiwe jina la kompositi na rangi zote zilizotumika, jino kwa jino, kwa sababu daktari mwingine atakayekuja kukarabati kona moja baada ya miaka mitatu hana namna nyingine ya kuzipata.